Mshika Bendera na Jukwaa Lake Tupu

Mtaani kwetu Ilford kuna mzee mmoja ambaye akitaka kuvuka barabara huinua mkono kwanza, si kwa kuomba njia, bali kwa kuyaruhusu magari yasimame. Basi limekwisha kusimama, taa imekwisha kuwa nyekundu, kila mtu anajua la kufanya, lakini mkono wake bado uko juu mpaka aridhike. Akifika ng'ambo ndipo anapoushusha, taratibu, na basi linaondoka. Mama yangu anasema siku mkono huo ukikwama juu, London mashariki yote haitafika kazini.

Jina lake nalijua, na mlango wake naujua zaidi, maana ndio unaofuata wetu. Lakini hapa nitamwita Mshika Bendera, kwa kazi yake, kwa sababu ndivyo anavyopenda mwenyewe, na kwa sababu nikiandika jina lake atakuja kusahihisha insha yote kwa kalamu nyekundu. Habari za alikozaliwa na ukoo wake msinitarajie. Nilimuuliza mara moja tu, akaanza na babu wa babu yake, na mimi kesho yake nilikuwa na mtihani wa hesabu.

Kazi yenyewe ni hii. Jumapili moja na kuacha moja, tangu baridi ipungue mpaka majani yaanze kuanguka, huenda kwenye uwanja wa mbio za magari ulioko nje kidogo ya mji, upande wetu huu wa mashariki. Kwa wasiozijua mbio hizo: chukua gari ambalo fundi amelikatia tamaa. Ng'oa vioo vyote, ng'oa viti ubakishe cha dereva, chomelea vyuma mbele na nyuma, lipake rangi zinazogombana, liandike namba kubwa ubavuni. Kisha litafutie wenzake ishirini wa namna hiyo, uyazungushe pamoja kwenye njia fupi yenye umbo la yai, na uwaambie madereva kwamba kugongana si kosa. Hakuna siri nyingine. Wenyewe wanaziita stock car, na Mshika Bendera anasema zamani watu walikuwa wakija mpaka wanakaa ngazini. Siku hizi hata njiwa wana nafasi ya kuchagua viti.

Yeye husimama kwenye kibanda cha mbao kando ya mstari wa kuanzia, koti jeupe mpaka magotini, kofia ya kushona kwa mkono kichwani, na juu ya kofia vile vidude vikubwa vya kuzuia kelele masikioni. Ukimwona kwa mbali utadhani ni imamu aliyeajiriwa uwanja wa ndege. Bendera ya kijani, anzeni. Ya njano, pana hatari, punguzeni. Nyekundu, simameni hapohapo mlipo. Ya miraba myeusi na myeupe, imekwisha, nendeni nyumbani. Madereva ni watu wenye shingo nene na michoro mikononi, wasiomsikiliza polisi wala mke, lakini mzee huyu akitikisa kitambaa tu wote wanatii. Wanamwita Kepteni.

Tatizo ni kwamba siku za wiki bendera hizohizo zinaishi naye nyumbani. Mke wake, ambaye mimi humwita Khala, aliwahi kuzikuta zimetundikwa jikoni kila moja mahali pake, ya njano juu ya jiko. Akamuuliza maana yake. Akajibu kwamba mafuta ya moto ni hatari na wageni wanapaswa kujua. Khala akaichukua ile nyekundu akaibandika kwenye mlango wa chumba cha kulala, na kwa siku tatu mzee alilala kwenye kochi, akiheshimu sheria.

Sasa utadhani mtu wa namna hii anapenda mwendo. Gari lake ni dogo, la buluu, halina mkwaruzo hata mmoja, na analiendesha kama amebeba trei ya mayai kiti cha nyuma na mayai yenyewe ni ya mtu. Aliwahi kutupeleka mimi na mama mpaka Kenton, upande wa pili wa London, kununua mbaazi na ndizi za kupika. Tulipitwa na baiskeli. Tulipitwa na bibi anayesukuma kigari cha mjukuu. Kwenye mteremko tulipitwa na kopo tupu la soda.

"Ami," nikamwambia, "tukishuka tukasukuma tutafika mapema."

Hakugeuza shingo. "Wee kaa utulie. Mie nimeona gari zilizogongwa nyingi kuliko punje za wali ulizokula."

Na kelele hazipendi. Nikicheka kwa nguvu chumbani kwangu hubisha ukutani. Chai iliyokorogwa kwa kijiko kinachogonga kikombe haimalizi. Lakini Jumapili hiyohiyo yeye ndiye anayewaachia vichaa ishirini waparamiane, na akirudi nyumbani amejaa vumbi na harufu ya mipira iliyoungua, akimwambia Khala kwamba leo kulikuwa na utulivu mzuri.

Jambo analolipenda kuliko yote ni saa. Chama chetu cha Waswahili wa upande huu, chenye Wazanzibari, watu wa bara, Wakenya, na Wahindi waliotoka Afrika Mashariki ambao Kiswahili chao kinatushinda sote, kilimchagua kuwa katibu. Lilikuwa kosa. Mkutano wa kwanza uliandikwa saa nane mchana. Saa nane mchana alikuwa ukumbini peke yake. Mtu mwingine angengoja. Yeye alisema maneno yake ya siku zote, "Tuanze, watatukuta," akafungua mkutano, akasoma ajenda, akauliza kama kuna swali, akashukuru kwa ukimya, akafunga, akaufunga na ukumbi wenyewe kwa ufunguo, akaenda nyumbani. Watu walifika saa tisa na sahani za katlesi wakakuta karatasi mlangoni. Imeandikwa kwa mwandiko wake wa kiofisi: waliohudhuria, mmoja, hoja zote zimepita bila kupingwa. Moja ya hoja hizo ilikuwa kumwongezea yeye muda wa ukatibu.

Tangu siku hiyo watu wakisikia kikao ni chake huvaa viatu mapema. Hili lishikeni, maana yeye mwenyewe hakulishika.

Jukwaa la watazamaji ndilo lililokuwa likimuuma. Kutoka kibandani alikuwa akiwahesabu kichwa kimoja kimoja kabla ya mbio ya kwanza, na akirudi Khala alikuwa akimsubiri na swali.

"Leo watu wangapi?"

"Walikuwepo wa kutosha."

"Wa kutosha kufanya nini? Kubeba jeneza?"

"Na mmoja wa kuonyesha njia," anajibu, akivua viatu.

Sababu za watu kupotea alikuwa nazo nyingi na alitugawia sote. Nyumba mpya zimejengwa kuuzunguka uwanja, na wenye nyumba walinunua huku wakizisikia kelele, kisha wakaandika barua za kushangaa kwamba wanasikia kelele. Magari chakavu yamekuwa adimu, na haya ya umeme hayafai, kwa sababu yakigongana ni kama kugombana na mtu anayenong'ona. Na vijana, hapa akinitazama mimi kama ndimi niliyewatuma, vijana siku hizi wanatazama ajali kwenye simu wakiwa wamelala chali.

"Si bora, ami? Hatupati vumbi."

"Ndiyo maana hamna adabu. Vumbi hutia adabu."

Mwaka jana, kiangazi kikielekea mwisho, alikuja kwenye ua wa nyuma mama akianika nguo. Akasimama upande wake wa uzio, mikono nyuma. Alituambia kwamba mwenye uwanja amewaita wafanyakazi wote. Mwenye uwanja ni Mwingereza mmoja mpana, mwenye ndevu za kijivu, aliyeurithi uwanja huo kwa baba yake.

"Kasema Jumapili ya mwisho ya msimu, saa kumi, mbio ya mwisho, atatoka ofisini alitazame jukwaa. Likiwa limejaa, mwakani tupo. Likiwa tupu, ufunguo anawapa wajenzi wa nyumba."

"Na wewe utafanya nini wakifunga?" mama akauliza.

Shati moja lilikuwa linateleza kwenye kamba. Akanyoosha mkono juu ya uzio, akalibana vizuri. "Nitakuwa mstaafu," akasema.

Kazi ya ofisi alistaafu miaka sita iliyopita. Walimfanyia na keki, nilikula. Ndiyo kwanza siku ile ya uzioni nikafahamu kwamba yeye kule hakuwa amekuhesabu kuwa ni kustaafu.

Mwenye uwanja alifanya anavyojua, akabandika matangazo kwenye maduka ya chipsi na kuyatuma mitandaoni. Mshika Bendera alifanya anavyojua yeye. Alivaa kanzu na koti juu yake, Khala akavaa buibui lake la kutokea, wakaanza kualika nyumba kwa nyumba kama kwao wanavyoalika harusi. Ujumbe wa simu kwa watu wetu ni habari tu, unaweza kusema hukuuona. Lakini mtu akija kwa miguu yake, akakaa, akanywa chai yako, akataja siku na saa, huyo amekushika. Hufiki, utaulizwa na mji mzima. Walianza na Ilford. Wakapanda treni ya Elizabeth na mabasi kufuata waliohamia mbali. Walifika mpaka Kenton na Queensbury, na sitaki kufikiria walitoka saa ngapi kama siku hiyo alitumia gari.

Kwetu walikuja Alhamisi. Mama akatoa vikombe vya wageni.

"Tumekuja kwa jambo la kheri," Mshika Bendera akaanza.

Mama akakaa sawa. "Kheri inshallah. Kijana wenu wa Leicester amepata?"

"Hajapata."

"Sasa nani anaoa?"

"Hakuna anayeoa. Ni magari."

Mama akamtazama Khala. Khala akatazama ndani ya kikombe chake. "Magari," mama akasema polepole. "Yanaoana?"

"Yanagongana," akasema Khala, kwa sauti ya mtu ambaye amekwisha kulisema neno hilo nyumba kumi na moja.

"Twakualikeni nyote," Mshika Bendera akaendelea, kanzu ameikunjia magotini vizuri, "Jumapili, saa tano asubuhi kamili. Mje na wageni wenu kama mnao. Jukwaa ni kubwa, na nitaona haya likiwa tupu."

Mama ni muuguzi, Jumapili yake ni ya kazi, na magari anayajua kama kitu kinachomletea wagonjwa. "Nipike nini?" akauliza, na hapo nikajua amekwisha kunaswa.

Kesho yake nikipita duka la chipsi nikasoma tangazo. Saa saba mchana, limeandikwa kwa herufi kama viatu. Nikamfuata uani.

"Ami, mbio zinaanza saa saba."

"Najua."

"Umewaambia watu saa tano."

Akatazama kulia, akatazama kushoto, utadhani anataka kuvuka. "Nawajua watu wetu. Ukimwambia mtu saa tano, anaanza kutafuta soksi saa sita. Saa saba amekaa kitini, na mie nimempata."

"Na wakija saa tano?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Waswahili?" akasema. "Saa tano?" Akarudi ndani bado anatikisa kichwa. Ningeweza kumwambia mama. Sikumwambia, kwa sababu nilitaka sana kuona.

Jumapili ilikuja na manyunyu. Saa nne na dakika hamsini, nasema kweli, mbele ya geti lililofungwa kwa mnyororo kulikuwa na foleni ya magari mpaka barabara kuu. Watu waliokuwa wamechelewa harusi zao wenyewe walikuwa pale. Wa kwanza kabisa alikuwa mwenye duka la Kenton, Mhindi wa Mwanza, amekuja na magari matatu, wajomba, chupa sita za chai na viti vya kukunja. Kina mama wamevaa mitandio inayong'aa. Mama yangu amevaa sare ya hospitali chini ya koti, maana alikuwa amepiga hesabu: saa tano mpaka saa tisa burudani, kisha zamu ya jioni. Wengi walikuwa kama yeye, wauguzi, walezi wa wazee, wahudumu, kila mmoja amebana siku yake kwenye hayo masaa manne aliyotajiwa na katibu. Kuchelewa hakuna aliyethubutu. Wote walikuwa wamewahi kuisoma ile karatasi ya mlangoni.

"Labda tumekosea uwanja," mtu akasema.

"Huyu hakosei," mwenye duka akajibu. "Geti ndilo limechelewa."

Basi wakafungua buti za magari. Pilau likatoka, sambusa zikatoka, katlesi zikazunguka kwenye karatasi. Kufikia saa sita ilikuwa harusi kamili isipokuwa bi harusi. Mwenye uwanja alitokea na lori lake dogo, akashuka, akasimama upande wake wa geti na funguo mkononi. Nadhani tangu baba yake afe hakuwahi kuona foleni pale. Mtu mmoja akampitishia sambusa kati ya nondo. Akala, akatazama saa, akatazama foleni, akapewa ya pili.

Saa sita na robo gari la buluu likaonekana mwisho wa barabara.

Sijui kama nitaona tena jambo zuri kama lile. Lilikuja kwa mwendo wake. Lilichukua muda mrefu sana kufika, na muda wote huo watu wote waliacha kutafuna, wakalitazama. Ungeweza kuona kofia yake nyuma ya usukani, halafu uso, halafu macho yakizunguka, yakihesabu. Mtu ambaye hakuwahi kuchelewa kitu maishani mwake alikuwa anachelewa mbele ya kila aliyewahi kumfungia mlango, na hakuweza hata kukanyaga mafuta. Akasimama. Akashusha kioo.

Mwenye duka akainama dirishani. "Tumeanza," akasema. "Umetukuta."

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mabega ya wenzao. Mama yangu hakucheka. "Mzee wangu, kulikoni? Umetuambia saa tano."

"Nilidhani..."

"Ulidhani nini?"

Mshika Bendera akatazama usukani. "Nilidhani mtachelewa."

Kicheko kikakatika palepale. Kuna wanawake pale waliotoka kazini alfajiri wakaja bila kulala. Khala, aliyekaa pembeni yake mkoba magotini, akasema kwa upole, "Nilimwambia," na nafikiri hilo ndilo lililomwokoa, kwa sababu kila mtu alijua atakayoyapata nyumbani yanatosha.

Akashuka. Akapita kwa kila gari, moja baada ya jingine, akiomba radhi kwa mkono na kwa mdomo, na kila gari likampa kitu ale. Adhuhuri ilipoingia wakasali jamaa kwenye maegesho, matairi makuukuu yamepangwa mbele kama ukuta. Saa saba tulikuwa ndani, na jukwaa lilijaa. Ngazini walikaa.

Alipanda kibandani, akatugeukia. Akatutazama muda mrefu, mpaka madereva wakaanza kupiga honi nyuma yake. Kisha akainua ya kijani.

Mama zetu walishika kazi mara moja. Kila mmoja alijichagulia gari na kulitetea kama mtoto wake shuleni. Bampa ikiruka, vigelegele. Mwenye duka alisimama juu ya kiti akimshauri dereva wa gari la njano kwa Kigujarati na Kiswahili cha Mwanza, na dereva alikuwa ni Mwingereza fundi bomba asiyeelewa hata kimoja. Gari hilo ndilo lililopinduka. Liligongwa nyuma, likapanda ukingo, likalala juu chini, magurudumu yanazunguka. Nikatazama kibandani kuona bendera, na bendera nyekundu ilikuwa imekwisha kuinuka zamani, imechomekwa kwenye ubao, na mwenyewe hayupo. Alikuwa anakimbia. Yule mzee anayeshuka ngazi za nyumba yake kama anapima kina cha maji, alikuwa anakata katikati ya uwanja, koti linapepea. Alifika kabla ya watu wa zima moto, akajilaza kifudifudi kwenye tope, akaingiza kichwa dirishani.

Fundi bomba alitoka mzima, na kidonda kwenye nyusi tu. Baadaye alituambia kwamba akiwa amening'inia kichwa chini aliona uso wa Kepteni uko sakafuni karibu yake, na Kepteni akamuuliza kama anajua leo ni siku gani. Akasema Jumapili. Kepteni akamwambia vizuri, tulia basi, hakuna anayekuharakisha.

Saa tisa ikafika. Watu wakaanza kutazama simu zao. Sare zilikuwa zinangoja, wagonjwa wanangoja, mabasi ya Jumapili yanajulikana. Wangeambiwa saa saba tangu mwanzo, wangebadilishana zamu ya jioni, waliniambia hivyo wengi. Lakini waliambiwa saa tano, wakapanga kwa saa tano. Walitoka kwa adabu, mmoja mmoja, wakimpungia mkono kibandani, naye akawapungia, na kila aliyepungiwa alikuwa mmoja wa kupungua. Mama alikuwa wa mwisho katika wale wa kwanza kuondoka. Mimi nikabaki na Khala.

Saa kumi mwenye uwanja akatoka ofisini kama alivyosema. Akasimama chini, mikono mifukoni. Akalitazama jukwaa tangu mwisho huu mpaka ule. Lilikuwa nusu. Si karibu nusu, si zaidi ya nusu. Ungeligawa kwa kamba ungepata hivyo.

Ni mtu wa haki, au ni zile sambusa. Alipanda kibandani baada ya mbio ya mwisho akamwambia Mshika Bendera, "Nusu jukwaa, nusu msimu." Mpaka mwisho wa Juni, basi.

Nusu msimu huo ndio tulioumaliza mwaka huu. Siku hizi anataja saa ya kweli akialika, na watu wanachelewa kama kawaida. Jumapili nyingine tulikuwa wengi, nyingine tulikuwa mimi, Khala na mwenye duka, aliyeapa kulifuata gari la njano mpaka mwisho. Wenye nyumba mpya waliendelea kuandika barua. Kwenye geti pakabandikwa picha ya majengo, yamechorwa pamoja na miti ambayo haipo na watu wembamba wanaotembea na mbwa.

Jumapili ya mwisho ya Juni nilikwenda na mama, ambaye safari hii alichukua likizo ya siku nzima. Jukwaa halikujaa, na hakuna aliyelitazama kwa ajili hiyo. Ilipobaki mbio moja, mwenye uwanja alipanda kibandani, akachukua bendera zote mkononi mwa Mshika Bendera, akamwonyesha jukwaa kwa kidole. Walibishana. Tuliona mikono. Kisha mzee akashuka, akavuka, akaja akipanda ngazi zetu na lile koti jeupe, na watu wakasogea kumpa nafasi. Akakaa karibu nami, kwenye ukingo kabisa wa benchi, kama ameitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Ami, egemea."

"Nimekaa."

Injini zikawaka. Mwenye uwanja akatikisa ya kijani vibaya sana, na Mshika Bendera akafumba macho kwa uchungu.

"Tunatazama wapi?" akaniuliza.

Nilidhani ananitania. Nikamgeukia, hakuwa anatania. "Mbele, ami. Yule anayeongoza."

"Mie sijawahi kumtazama anayeongoza," akasema. "Wa kuhesabu mizunguko hukaa nyuma yangu, wananiambia lini niipunge ya miraba. Mie namtazama aliyekwama. Aliyekwama, na anayemjia nyuma yake hajamwona." Akafikiri kidogo. "Miaka yote."

Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni, mzuri kweli, nikauacha.

Mwanzoni alikuwa anakosea. Mbele wanapitana, yeye anatazama gari la mwisho linalotoa moshi, ananiambia lile litazima. Nikawa namshika kidevu, mtu mzima yule, namgeuza. Mzunguko wa sita akamwona wa buluu akimbana wa njano ukutani, akasema, "Mjinga huyu." Mwenye duka nyuma yetu akasema ndiyo, mjinga kabisa. Mzunguko wa tisa akasimama. Hakujua kama amesimama. Khala akamvuta koti, hakusikia. Gari jekundu lililokuwa la nne likapita ndani, likapita tena, chuma kikalia, na mzee anayekerwa na kijiko kikombeni akatoa sauti ambayo sitaiandika, maana haina herufi.

Ya miraba ikapungwa. Magari yakazunguka mara moja polepole, yakazimwa moja moja, na ukimya ukaingia uwanjani kama maji. Watu wakaanza kukunja viti. Yeye akakaa, safari hii ameegemea.

"Kashinda nani?"

"Nyekundu."

"Ndiye ashindaye siku zote?"

"Sijui, ami. Mie nimeanza kuzitazama juzijuzi tu."

"Mie pia," akasema, na hakuinuka.